Laini Nne kwa Jina Moja

Wifi yangu, mdogo wake marehemu mume wangu, ni fundi sofa. Nalisema hili mwanzoni kabisa kwa sababu watu wakisikia fundi sofa humtafuta mwanamume. Wengi wamefika kwenye chumba chake cha kona, wakamkuta amepiga magoti, pini mdomoni, nyundo mkononi, na bado wakauliza, "Fundi yuko wapi?" Naye huzitemea pini kiganjani na kuwajibu, "Ametoka kidogo. Acha hela, akirudi nitampa."

Wateja wanamwita Springi. Ni kwa sababu ya springi za viti, lakini pia kwa sababu hakai chini. Amewakalisha watu raha mji mzima na mwenyewe hajui kukaa. Ukimtembelea atakuwekea kiti kizuri kuliko vyote, halafu atazungumza nawe amesimama, akikata sponji kwa kisu kirefu kama anayekata mkate.

Baba mkwe wangu, aliyekuwa karani wa mahakama, alinuna mwezi mzima binti yake alipoacha masomo ya ukatibu akaenda kujifunza kupigilia misumari. Mume wangu ndiye aliyemtetea. Alimwambia, "Baba, hata hicho kiti unachonunia umetengenezewa na mtu." Ikawa ndiyo basi. Springi akajifunza kufunga mikanda ya mpira, kushona kwa sindano iliyopinda, kuvuta kitambaa mpaka kisiwe na mkunjo hata mmoja. Leo akikalia sofa lako mara moja tu anakwambia springi ipi imekufa na ni nani katika nyumba yako hulalia upande huo. Ameshagombanisha wanandoa kwa elimu hiyo.

Chumba hicho cha kona alikipanga kwa miaka kumi na minane. Kina dirisha moja linalotazama barabara, sakafu ya saruji iliyojaa madoa ya gundi, na ukuta mzima wa marobota ya vitambaa. Mwenye chumba ni mzee mmoja ambaye mtaa mzima unamwita Makufuli, maana kila mlango wake una makufuli mawili. Mwaka juzi, mwezi wa kumi, alikuja akasimama mlangoni akiwa na kofia mkononi.

"Springi, nauza. Nakwenda kukaa kwa binti yangu, magoti yamechoka kufuata kodi."

"Unauza na mimi humo ndani?"

"Wewe nakupa nafasi ya kwanza, maana hujanichelewesha hata siku moja. Milioni kumi na mbili. Nitakusubiri mpaka mwisho wa mwaka ujao. Ukishindwa, huyu jirani wa matairi ana fedha mkononi, anataka stoo."

Miezi kumi na minne. Springi alikuwa na akiba ya milioni nne, imefungwa benki kwa muda maalumu, haitoki kabla ya mwezi wa kumi na mbili wa mwaka ujao. Alihitaji nane, na alikuwa mwanachama wa chama cha akiba na mikopo kwa miaka tisa. Hakuona tatizo. Mimi pia sikuliona. Alinipitia nyumbani twende pamoja, kwa sababu tuna makubaliano yetu: yeye husoma viti, mimi husoma karatasi.

Kwenye dirisha la tatu palikuwa na binti mwenye miwani, mpole, mwenye kucha fupi. Aliandika jina la Springi kwenye kompyuta, akasubiri, akakunja uso.

"Mama, una alama mia tatu na kumi na moja."

"Alama za nini? Mimi sijafanya mtihani."

"Za ukopaji. Kila aliyekopa mahali anawekewa alama kulingana na anavyolipa. Sisi tunaanzia mia sita. Hapa inaonekana una mkopo wa simu wa laki nne ambao haujalipwa kwa siku zaidi ya elfu moja. Kuna mingine sita midogo midogo, minne haijalipwa. Na kuna wa duka la vitambaa, huu umelipwa, ila ulichelewa siku kumi na mbili."

"Huo wa vitambaa ni wangu, nakiri. Hayo mengine sijui hata harufu yake."

Binti akageuza kioo cha kompyuta atuonyeshe namba za simu zilizokopa. Zilikuwa zimesajiliwa kwa jina la Springi, kwa kitambulisho chake. Niliisoma ile ya laki nne mara moja tu. Ilikuwa namba niliyoipiga kwa miaka kumi na mitano nikiuliza kama tusubiri chakula au tule. Ilikuwa namba ya mume wangu.

Ilibidi tutoke nje kwanza, tukasimame kwenye ngazi, ndipo tukakumbuka. Mwaka ule laini zote za simu zilipotakiwa kusajiliwa kwa kitambulisho, familia yetu ilikwenda siku ya mwisho kabisa, kama watu wote wenye akili. Foleni ilizunguka jengo. Tulipofika mbele, mume wangu akagundua kitambulisho chake kimebaki kwenye koti jingine. Changu kilikuwa kimepelekwa kurekebishwa mwaka wa kuzaliwa. Mwanangu wa mwisho alikuwa bado hana. Springi peke yake ndiye aliyekuwa nacho, kwa vile hakitoki kwenye mkoba wake. Mhudumu akasema muda wa kufunga dirisha unakaribia. Basi laini nne zikaandikwa kwa jina moja, tukacheka, mume wangu akamwambia dada yake, "Leo wewe ndiye mama yetu sote." Hakuna aliyekumbuka kurudi kubadilisha.

Nilipofika nyumbani nilitoa simu ya marehemu kwenye droo, nikaichomeka kwenye umeme. Haikuwa imewashwa tangu wiki aliyofariki. Ujumbe ulianza kuingia mmoja juu ya mwingine, simu ikitetemeka juu ya meza mpaka ikasogea yenyewe. Ndugu mteja, deni lako. Ndugu mteja, faini yako. Wa kwanza kabisa, ule wa kukubaliwa mkopo, ulikuwa na tarehe ya Jumanne aliyoniambia kwamba shule imemlipia sindano za ugonjwa wake, zile za bei kubwa. Alikuwa mwalimu mkuu miaka ishirini na miwili. Alinidanganya mara moja tu, na ni ili nisiuze cherehani ya mama yangu.

Springi alikuja kesho yake mchana. Nilikuwa nimeshafanya uamuzi wangu.

"Nitalipa mimi. Nitauza gari lake. Na jambo hili lisitoke kwenye mlango huu."

"Gari halina injini, wifi. Utamuuzia nani, mwenye kununua viti vya nyuma? Hivyo nitanunua mimi."

"Usinichekeshe. Ni kiasi gani sasa?"

"Pamoja na faini, milioni moja na laki tatu. Na sasa wameanza kuiongeza kila wiki. Lakini kuna njia. Binti wa dirisha la tatu amesema nikipeleka cheti cha kifo kwa waliokopesha, tukathibitisha kwamba laini alikuwa anatumia kaka, faini zote zinafutwa. Inabaki ile laki nne."

"Na kwenye mafaili yao wataandika nini?"

"Wataandika ukweli."

"Wataandika kwamba mwalimu mkuu alikufa na deni la simu."

"Alikufa na deni la dawa, wifi."

Nilikataa. Nilimwambia jina la mume wangu halitasomwa dirishani kama orodha ya waliokosa karo. Hakubishana nami. Alikunywa chai yangu akiwa amesimama, akaaga, akaenda kuanza kulipa mwenyewe. Alilipa elfu hamsini, wiki ikaisha, faini ikala elfu sitini. Akalipa sabini. Akalipa hamsini tena. Alikuwa anapokea kazi mbili mbili, vidole vimechubuka kwa uzi wa nta, na mara ya nne alikuja kwangu na karatasi.

"Wifi, sijaja kukulazimisha. Nimekuja unisomee hii. Mimi naona nimelipa mara tatu na deni limepanda. Huenda sijui kusoma."

Anajua kusoma vizuri sana. Niliitazama ile karatasi, halafu nikatazama vidole vyake. Nikainuka, nikafungua kabati, nikatia cheti cha kifo kwenye mkoba.

Ofisi ya wale wakopeshaji ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la betri. Kulikuwa na mabenchi matatu yaliyovishwa ngozi bandia. Springi alilibonyeza moja kwa kiganja na kuninong'oneza, "Sponji la kufungashia televisheni kwenye boksi. Na hawa ndio wanatudai sisi." Nyuma yetu foleni ilikuwa ya watu kumi na tano hivi. Kijana wa dirishani alikuwa na sauti ya kuita abiria.

"Namba hii alikuwa anatumia nani?"

Springi akafungua mdomo. Nilimshika mkono, nikasogea mbele yake.

"Mume wangu. Alikuwa mwalimu mkuu. Alikopa kununua dawa, akafariki kabla hajalipa. Andika hivyo hivyo, na usifupishe."

Kijana akashusha sauti, akaandika. Mwanamume mmoja kwenye foleni, mwenye nguo za kazi zilizojaa rangi, akasema, "Mama, hata mimi langu ni la dawa." Mwanamke nyuma yake akasema la kwake ni la ada. Mwingine akasema la kwake ni la mpira, alimwamini golikipa, na foleni nzima ikacheka. Nilikuwa nimeogopa masikio ya watu wale kwa mwezi mzima, kumbe kila mmoja alikuwa anaogopa ya kwangu.

Faini zilifutwa baada ya wiki tatu. Nilitaka kulipa laki nne zote peke yangu, Springi akagoma. "Alikuwa mume wako, lakini alikuwa kaka yangu kabla hajakujua." Alichokwisha kulipa kikahesabiwa humo, na kilichobaki nikakimaliza mimi, na tukapewa barua ya kumaliza deni yenye muhuri mwekundu. Niliisoma mara mbili kabla sijamkabidhi.

Ikabaki ile minne midogo. Hiyo ilikuwa ya mwanangu wa mwisho, ambaye sasa ni msaidizi wa mpima ardhi na anajiona mtu mzima. Springi alimpigia mbele yangu, akaweka sauti kubwa.

"Shangazi, hizo zilikuwa elfu tano tano tu, za wakati niko chuo."

"Tano tano zako zinaninyima milioni nane, baba."

"Nitakutumia kwa simu mwisho wa mwezi."

"Simu ndiyo iliyotufikisha hapa. Panda basi uje na miguu yako, ulipe kwa mkono wako, na uje na kitambulisho."

Alikuja Ijumaa, shati limepigwa pasi. Alilipa yote. Kutoka hapo tulikwenda watatu kwenye duka la laini, kila mmoja akachukua ya kwake kwa jina lake, na ile ya marehemu tukaifunga. Yangu haikuwa na deni lolote. Nasema tu ili ijulikane.

Tulirudi dirisha la tatu tukiwa na barua zetu kwenye bahasha moja, tumejipamba kama wanaokwenda kuposa. Binti akaangalia.

"Mia nne na ishirini na tano."

"Lakini nimelipa kila kitu!" Springi alisema.

"Umelipa, mama. Sasa hatuna ubaya wako, lakini hatuna uzuri wako pia. Chukua mkopo mdogo, laki sita tu, ulipe miezi kumi bila kuchelewa hata siku moja. Halafu tuonane."

"Yaani ili nikopeshwe, nikope?"

"Ndiyo."

"Mlisomea wapi nyinyi?"

Aliuchukua. Wenzake wengi wangeona laki sita wakanunua televisheni. Yeye alinunua sponji ngumu la jumla, akapunguza gharama, na kila mwezi alilipa siku tatu kabla ya tarehe. Alisema siku ya tarehe yenyewe mtandao huwa unajua, unakatika makusudi.

Kisha akafanya jambo lililonipandisha presha. Alichukua chaki ya kupimia kitambaa, akaandika alama zake kwenye mlango, kwa ndani, ambapo kila mteja aliyekaa kusubiri angeziona. 425. Niliingia, nikaona, nikamwambia afute.

"Kwa nini nifute? Zinapanda."

"Watu watauliza."

"Ndiyo maana nimeandika."

Waliuliza kweli. Mama mmoja aliyeleta viti vya chumba cha kulia alidhani ni bei, akasema amepunguziwa sana. Mwingine alidhani ni namba ya nyumba. Springi alikuwa anawajibu, "Hiyo ni mimi," halafu anawaeleza habari ya laini nne, bila kuacha hata nukta, huku anakata. Nikitazama nyuso zao nilikuwa naona kitu kimoja: kila mmoja anajaribu kukumbuka laini zake zimesajiliwa kwa nani. Mwezi wa tatu aliandika 448. Mwezi wa tano, 497. Makufuli alipokuja kuchukua kodi alisimama mbele ya mlango, akasoma, akasema, "Hii mitihani yenu ya siku hizi mimi singeweza."

Yule jirani wa matairi alikuwa anapita kila wiki na kamba ya kupimia. Anaingia, anasalimia, anapima ukuta.

"Usinikasirikie, Dada Springi. Napanga tu mapema."

"Pima, pima. Pima na kimo changu, ujue utakachoruka."

Mwezi wa saba mambo yakamkaba. Mwenye ukumbi mmoja wa harusi alimletea viti arobaini, akavichukua vimekamilika, halafu akawa hashiki simu. Fedha ya marejesho ilikuwa humo. Zilibaki siku nne. Na kama vile simu inasikia, ujumbe ukaingia mbele yangu: Hongera, umekidhi vigezo vya mkopo wa papo kwa hapo. Bonyeza moja.

Springi aliishika ile simu muda mrefu. Nilimwambia nitampa mimi.

"Hapana, wifi. Ukinipa wewe nitakuwa nimejifunza kukimbilia kwako. Akinipa huyu wa kwenye simu nitakuwa sijajifunza kitu."

Alifuta ujumbe. Alifunga chumba adhuhuri, akaenda nyumbani kwake, akarudi na mkokoteni umebeba sofa lake mwenyewe. Lilikuwa la watu watatu, kitambaa cha kijani kibichi, mgongo umeshonwa kwa vifungo. Alilitengeneza kwa ajili yake baada ya miaka kumi na sita ya kutengenezea wengine. Aliliweka nje barabarani saa nane. Saa kumi na nusu lilikuwa limeuzwa kwa daktari wa meno, kwa bei ambayo hakuishusha hata shilingi. Miezi iliyofuata wageni wake tulikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa. Mwenye ukumbi alilipa baadaye, baada ya Springi kwenda kwenye harusi moja asiyoalikwa na kuanza kuhesabu viti kwa sauti mbele ya maharusi.

Mwezi wa kumi na moja, tarehe tisa, tulisimama dirisha la tatu. Binti alibonyeza, akasubiri, akavua miwani akaifuta, akavaa tena.

"Mia sita na thelathini na nane."

Springi alitoa chaki mfukoni akaiandika namba kiganjani. Mimi ndiye niliyesema, "Rudia, tafadhali, kwa sauti ile unayotumia kwa wanaodaiwa." Binti akacheka, akarudia, na watu wa dirisha la pili wakageuka. Kisha akasema, "Kwa alama hizi mama unaweza kupata hata milioni kumi na moja."

"Sikuulizi naweza ngapi," Springi alisema. "Nataka nane. Kila mwezi nilipe kile ninacholipa kodi na kidogo juu yake. Nimeshapiga hesabu, wifi amezikagua."

Nilikuwa nimezikagua mara nne.

Jirani wa matairi hakukata tamaa kirahisi. Aliposikia mkopo umepita alimfuata Makufuli na kupandisha mpaka milioni kumi na nne. Makufuli alikuja akasimama mlangoni, kofia mkononi kama mwaka uliotangulia, akatuambia bila kuficha. Springi aliacha nyundo.

"Mzee, ulisema mwisho wa mwaka. Leo ni tarehe ngapi?"

"Ishirini na saba, mwezi wa kumi na moja."

"Na ulisema kumi na mbili. Miaka kumi na tisa hii, mimi nilishawahi kukwambia tarehe moja nikakuletea tarehe mbili?"

Yule mzee aliinama, akakivuta kidevu. "Hujawahi," alisema. "Na mimi sitaanza uzeeni." Akavaa kofia.

Tulitia sahihi kwa wakili tarehe nne ya mwezi wa kumi na mbili, ofisi ndogo yenye feni inayolia. Alikuwepo Makufuli na funguo nne kwenye waya, alikuwepo mwanangu kama shahidi, amekuja bila kuitwa. Wakili alinipa hati niisome kwanza, maana Springi alimwambia ndiyo kazi yangu.

Niliisoma kwa sauti. Nilipofika kwenye mnunuzi, jina lilikuwa limeandikwa lote: la kwake, la baba yake, la babu yake. Ndilo jina nililoolewa nalo, ndilo mume wangu aliloandika kwenye vyeti vya wanafunzi maelfu, na hapa lilikuwa limepigwa chapa kwa herufi kubwa, na mbele yake: fundi sofa, mmiliki. Nikasimama hapo. Machozi yalinidondoka, jambo ambalo halijanitokea mbele ya watu tangu utoto wangu.

Springi alikuwa amesimama, bila shaka, ingawa wakili alikuwa na viti vinne vitupu.

"Wifi," alisema, akachukua kalamu, "sogeza hayo machozi pembeni. Wino huu bado mbichi, na jina hili sitaki liandikwe mara ya pili."